Zinafanana, Lakini Hazichanganyiki

Wanachuo wenzangu, kuna sentensi moja ambayo kila aliyepita maabara ya kemia, tangu sekondari hadi hapa chuoni, anaijua kwa moyo: vinavyofanana huyeyushana. Ndiyo "ndege wa rangi moja huruka pamoja" ya wanakemia. Chumvi na maji ni ndugu. Mafuta ya taa na dizeli ni ndugu. Maji na mafuta ni maadui. Ukiiandika kwenye mtihani unapata maksi zako, unaepuka sapu, na maisha yanaendelea.

Mimi nasema sentensi hiyo ni nusu ya kweli, na ile nusu nyingine tuliyoiacha kwenye madesa ndiyo inayoweza kutugharimu. Nusu hiyo ni ukubwa. Kabla ya kuuliza kama kiyeyushi na kiyeyushwa vinafanana, uliza pia: molekuli za kila upande zina ukubwa gani?

Kwa nini naandika habari hii kwenye gazeti la umoja wa wanafunzi badala ya kuiacha kwenye semina ya idara? Kwa sababu kamati ya mazingira ya umoja wetu imeleta pendekezo ambalo litafika mbele ya wawakilishi wetu muhula huu. Pendekezo linasema tuweke pipa moja la plastiki katika kila hosteli, zote tuziyeyushe pamoja kwenye mashine moja, halafu tupate mbao za plastiki za kutengenezea vimbweta vipya. Hoja yao kuu nimeisikia zaidi ya mara moja: "plastiki ni plastiki, zote zimetokana na mafuta, zitashikana tu." Nia ni njema na naiheshimu. Lakini hoja hiyo ni ile ile sentensi yetu ya sekondari iliyovalishwa fulana ya mazingira, na fedha zitakazotumika ni michango yetu wote.

Neno moja, kazi mbili

Tuanze na lugha, maana Kiswahili chenyewe kinatutega hapa. Tunasema barafu inayeyuka juani. Tunasema pia sukari inayeyuka kwenye chai. Neno moja, kumbe ni mambo mawili tofauti kabisa. Barafu imepata joto ikawa kimiminika, basi. Sukari haikugeuka kimiminika kwa joto. Molekuli zake zimeachana, zikaingia katikati ya molekuli za maji moja moja, kila moja na njia yake.

Vitabu vyetu vya shule vina neno zuri kwa hili la pili: kumumunyika. Ndiyo maana sukari ndani ya maji tunaiita mmumunyo. Kuanzia hapa nitatenganisha: kuyeyuka ni kazi ya joto, kumumunyika ni kuingiliana kwa molekuli. Ukilishika hilo, kosa la pendekezo unaliona mara moja. Plastiki mbili zinaweza kuyeyuka ndani ya sufuria moja, zikakorogwa hadi mkono uchoke, na bado isimumunyike hata moja ndani ya mwenzake.

Mstari wa viti 100

Sasa kwa nini zikatae? Kitu kinapomumunyika, maumbile hupiga hesabu mbili. Ya kwanza ni ya ujirani: je, molekuli hizi zinapendelea kukaa na za kwao au hazijali kukaa na wageni? Hapo ndipo "kufanana" kunapoingia. Hesabu ya pili ni ya idadi ya namna: zikichanganyika, zinaweza kupangika kwa namna ngapi? Namna zikiwa nyingi sana, mchanganyiko hutokea hata kama ujirani si mzuri sana. Hesabu hii ya pili ndiyo tunayoiita entropia, lile neno tunalolikariri usiku wa kuamkia mtihani na kulisahau mchana wake.

Chukua mstari mmoja wa ukumbi wa mihadhara wenye viti 100. Wanaingia wanafunzi 50 wa sayansi na 50 wa sanaa. Tusijali majina; tutazame tu kiti gani kina mtu wa sayansi na kipi kina wa sanaa. Kila mtu akikaa anapotaka, mstari huo unaweza kupangika kwa namna zinazokaribia 1 ikifuatiwa na sifuri 29. Namba hiyo hata kuitamka ni shida.

Hesabu ya pili. Wafunge wanafunzi wa sayansi mikono, kumi kumi, wapatikane minyororo mitano. Kila mnyororo lazima ukae kwenye viti kumi vinavyofuatana. Wa sanaa wabaki huru. Namna za kupangika zinashuka hadi 3,478,761. Zimeanguka vibaya, lakini bado ni milioni tatu na ushei.

Hesabu ya tatu. Wafunge na wa sanaa pia, kumi kumi. Sasa una minyororo kumi tu, mitano kwa mitano. Namna zilizobaki ni 252.

Angalia kilichobadilika kati ya hesabu ya pili na ya tatu. Minyororo ya sayansi ni ile ile. Hakuna aliyemchukia mwenzake. Idadi ya watu ni ile ile, viti ni vile vile. Kilichobadilika ni ukubwa wa kiyeyushi peke yake. Wa sanaa walipokuwa mtu mmoja mmoja, waliipa minyororo nafasi mamilioni ya kujipenyeza. Walipofungwa nao, nafasi zikafutika. Minyororo halisi ya molekuli hujikunja, sawa, haikai imenyooka kama watu kwenye viti. Lakini hujikunja hata kabla ya kuchanganywa, kwa hiyo hoja inabaki palepale.

Hili si fumbo la mistari ya ukumbini tu. Gramu 18 za maji ni moli moja ya molekuli. Gramu 18 za polima yenye uzito wa molekuli wa 100,000 ni moli 0.00018. Uzito ule ule, lakini idadi ya molekuli imepungua zaidi ya mara 5,500. Na entropia ya kuchanganyika huhesabu molekuli zilizo huru. Mizani ya dukani haiijui.

Kiasi gani cha kutopendana kinavumilika?

Wanakemia wawili Wamarekani, Paul Flory na Maurice Huggins, kila mmoja kwa njia yake, waliiweka hesabu hii kwenye mlinganyo mwaka 1941 na 1942. Flory alipata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1974 kwa kazi yake juu ya molekuli kubwa. Katika mlinganyo wao kuna namba moja inayoitwa kai, kwa jina la herufi ya Kigiriki. Kai hupima kipande kimoja cha aina hii kinachukia kiasi gani kukaa jirani na kipande cha aina ile, ukilinganisha na nguvu ya joto inayovitikisa vyote. Kai ikiwa sifuri, hakuna chuki.

Swali tamu ni hili: kai inaweza kufika ngapi kabla mchanganyiko haujaanza kugawanyika matabaka mawili? Jibu linategemea ukubwa, na tofauti inashangaza.

Kama pande zote mbili ni molekuli ndogo, kila moja kipande kimoja, kikomo ni 2. Wanaweza kutopendana sana na bado wakaishi nyumba moja.

Kama upande mmoja ni mnyororo mrefu mno na kiyeyushi bado ni kidogo, kikomo kinashuka hadi karibu 0.5. Imekuwa kazi, lakini ukichagua kiyeyushi vizuri unapata mmumunyo wako.

Kama pande zote mbili ni minyororo yenye vipande 1,000, kikomo ni 0.002. Uvumilivu umepungua mara 1,000. Sasa chuki ndogo kiasi ambacho hata vipimo vya kawaida vinaweza kutoiona inatosha kuzitenga. Haba na haba hujaza kibaba: kila kipande kinalalamika kidogo sana, lakini mnyororo mmoja una vipande elfu, na vyote vinalalamika pamoja. Upande wa pili, faida ya entropia inayopaswa kuyazima malalamiko hayo inalipwa mara moja tu kwa mnyororo mzima.

Hiyo ndiyo nusu iliyoachwa. Vinavyofanana huyeyushana, ndiyo, kama angalau upande mmoja ni mdogo. Pande zote zikiwa kubwa, kufanana tu hakutoshi. Inabidi ziwe karibu kitu kimoja, au ziwe na kivutio maalumu cha kuzivuta pamoja.

Ushahidi uko mtaani

Kuna watakaosema hizi ni hesabu za ubaoni. Haya, tutoke nje ya geti.

Nenda kwa fundi wa baiskeli au bodaboda anayeziba pancha. Ile solusheni anayopaka kwenye tyubu ni raba iliyomumunyishwa ndani ya kiyeyushi chepesi cha jamii ya petroli. Minyororo ya raba ni mirefu kweli kweli, lakini molekuli za kiyeyushi ni ndogo, huru na nyingi. Zinajipenyeza, zinaitenganisha minyororo, na kazi ikiisha zinaruka hewani na kuiacha raba imekamata. Mchoraji wa mabango anategemea jambo hilo hilo kwenye thina. Hakuna anayepunguza makali ya rangi kwa plastiki nyingine. Anatumia molekuli ndogo.

Nenda sasa kwenye kisa ambacho Watanzania tumekilipia: kuchakachua mafuta. Kwa nini mchakachuaji anaweza kumwaga mafuta ya taa ndani ya dizeli na jicho lisione kitu? Hakuna tabaka wala utandu. Zote ni za ukoo wa kaboni na haidrojeni, na molekuli zake ni ndogo. Kufanana na udogo vimekutana, na mchanganyiko ni kamili.

Haya, chukua ukoo huo huo wa kaboni na haidrojeni, ila sasa ongeza urefu. Polithini, ile ya madumu na mifuko laini, na polipropilini, ile ya vyombo vya chakula na viti vingi vya plastiki. Ukitazama vipande vyake, tofauti kubwa ni tawi dogo tu lenye kaboni moja. Kwa kanuni ya sekondari, hizi ni ndugu wa tumbo moja. Lakini ziyeyushe pamoja, koroga, na utapata moja imekaa kama matone ndani ya nyingine, kama mafuta kwenye mchuzi. Ikipoa, matone yanabaki hapo hapo. Minyororo ya upande mmoja haiingii vya kutosha upande wa pili ili ifungamane nayo, kwa hiyo mpaka wa kila tone ni ufa unaosubiri siku yake.

Mfano mwingine ni wa zamani. Mwaka 1896 mwanasayansi Mholanzi Martinus Beijerinck alichanganya gelatini na agari, zote zikiwa zimemumunyishwa katika maji. Kila moja peke yake inaelewana na maji bila taabu. Zilipokutana, zikajitenga. Fikiria hilo: zote mbili zinakubaliana na maji, lakini hazikubaliani zenyewe. Baadaye, katika miaka ya 1950, Per-Åke Albertsson wa Sweden aliligeuza tatizo hili kuwa chombo cha kazi. Alitumia polima mbili zinazopenda maji, dekstrani na polithilini glikoli, akapata matabaka mawili ambayo sehemu kubwa ya kila moja ni maji, na kwa upole huo akaweza kutenganisha sehemu za seli bila kuziharibu. Maji juu, maji chini, na katikati mpaka. Kwa kanuni ya kufanana peke yake, hilo halielezeki.

Na kwa anayetaka ushahidi usio na kisingizio cha kutofanana hata chembe, upo. Chukua raba ya silikoni ambayo minyororo yake imefungwa kuwa wavu, uiloweke ndani ya mafuta ya silikoni, yaani kitu kile kile ila hakijafungwa. Mafuta yenye molekuli fupi huingia na kuivimbisha raba. Kadiri molekuli za mafuta zinavyokuwa ndefu, ndivyo raba inavyovimba kidogo zaidi. Kufanana ni kule kule. Ukubwa peke yake ndio umeamua.

"Mbona maji basi?"

Rafiki yangu mmoja wa bioteknolojia alinibana hapa, na swali lake ni la haki. Kama udogo wa kiyeyushi ni baraka hivyo, maji yana molekuli ndogo kuliko karibu kila kiyeyushi tunachokijua. Mbona hayamumunyishi polithini?

Jibu la kwanza: udogo unapandisha kikomo cha uvumilivu, haufuti chuki. Polithini na maji hazipendani kwa kiwango kinachopita kikomo chochote.

Jibu la pili ndilo lililonifanya niipende kemia hii, maana linaonyesha kwamba ukubwa wa kiyeyushi una upande mwingine wa bei. Molekuli kubwa haiwezi kuingia kwenye kimiminika bila kwanza kupata pango la kukaa. Kila kimiminika kina nafasi tupu ndani yake, lakini kimiminika cha molekuli ndogo kimezigawa nafasi hizo kuwa vipande vidogo vidogo. Ni kama daladala iliyojaa: ukijumlisha mianya yote kati ya abiria ungepata nafasi ya mtu mzima, lakini hakuna mwanya mmoja unaomtosha mtu mzima. Lita moja ya maji ina moli 55 hivi za molekuli. Lita moja ya heksani, kiyeyushi cha jamii ya petroli, ina moli 7 na nusu hivi. Kufungua pango kubwa ndani ya maji ni kuziambia molekuli nyingi zaidi "hapa msipite", na kila moja inayokatazwa inapunguza idadi ya namna za kupangika.

Kwa muda mrefu maelezo yaliyotawala yalikuwa ya Henry Frank na Marjorie Evans, ya mwaka 1945, kwamba maji hujipanga kama barafu ndogo kuizunguka molekuli ya mafuta. Michel Lucas mwaka 1976 na B. Lee mwaka 1985 walileta hoja kwamba sehemu kubwa ya gharama inaweza kuelezwa na udogo wenyewe wa molekuli ya maji. Mjadala wa namna ya kugawa lawama kati ya udogo na vifungo vya haidrojeni haujafungwa. Lakini jambo moja limepimwa na halina ubishi: katika joto la kawaida la chumba, molekuli ndogo ya mafuta kama butani inapoingizwa kwenye maji, gharama inatoka karibu yote upande wa entropia. Hesabu ya joto la ujirani inakaribia sifuri, hata inaegemea upande wa faida kidogo. Yaani ile picha ya "maji na mafuta yanachukiana" tuliyochorewa si sahihi sana. Kinachogoma ni upangaji.

Kwa hiyo udogo wa kiyeyushi unafanya kazi mbili: unaongeza namna za kuchanganyika, na unapandisha bei ya kufungua pango. Kipi kitashinda kinategemea nani anakutana na nani. Simwambii mtu akariri kanuni mpya ya "kidogo ni bora". Namwambia aulize ukubwa kila mara, kama anavyouliza kufanana.

Turudi kwenye pipa letu

Sasa pendekezo la kamati. Pipa la hosteli lina nini? Chupa za maji, ambazo ni PET. Vizibo vyake, ambavyo kwa kawaida ni polithini au polipropilini. Vyombo vya chipsi vya polistairini. Mabaki ya mabomba ya PVC baada ya fundi kupita bafuni. Tangu 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini, lakini vifungashio vingine bado vipo tele.

Kila moja ya hizo ni minyororo mirefu. Kila moja, kwa mwenzake, ni kiyeyushi chenye molekuli kubwa, yaani kiyeyushi kibovu kuliko vyote. Ni hesabu yetu ya tatu ya ukumbini, ile ya namna 252, tena kwa minyororo mirefu kuliko kumi na yenye chuki juu yake. Ubao utakaotoka kwenye mashine hautakuwa plastiki mpya. Utakuwa rundo la matone yasiyoshikana, yaliyopoa kwa umbo la ubao. Mtu anaukalia, unakatika.

Hapo sijagusa joto. Polithini inayeyuka kati ya nyuzi 105 na 135 za Selsiasi, kutegemea aina yake. Polipropilini ni 165 hivi. PET ni 250 na zaidi. Ukiweka mashine kwenye joto la PET na kuna PVC humo ndani, PVC itakuwa imeshaanza kuoza na kutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo ikikutana na unyevu wa macho na mapafu ni asidi. Nani atasimama pale kuisimamia mashine? Ni mwanafunzi mwenzetu anayetafuta hela ya kula boom likichelewa. Mimi sikubali.

Nisiwaonee kamati. Wapo watu nchini wanaochanganya plastiki na mchanga na kupata matofali ya kutandika njiani, nayo yanakanyagika. Sawa, lakini tofali la njiani limelala chini na limeegemea ardhi, linabanwa tu. Ubao wa kimbweta unapinda katikati kila mtu anapokaa, na kupinda ndiko kunakofungua nyufa kati ya matone. Pia kuna sayansi ya kuzipatanisha plastiki zisizopatana. Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Cornell na Minnesota, Marekani, walionyesha kwamba polithini na polipropilini zikiwekewa kiasi cha asilimia 1 cha mnyororo maalumu, wenye vipande vya polithini na vipande vya polipropilini kwa zamu, mchanganyiko uliokuwa ukivunjika kirahisi unakuwa mgumu na wenye kunyumbuka. Ni kazi nzuri mno. Lakini kumbuka ilipatanisha plastiki mbili zinazojulikana, kwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya hizo mbili. Haikupatanisha pipa zima la hosteli.

Ninachoomba

Kwa wawakilishi wetu: msilikatae pendekezo, lirekebisheni. Badala ya pipa moja, yawe matatu. Moja la chupa za PET zisizo na vizibo. Moja la vizibo, madumu na vyombo vya polithini na polipropilini. Moja la mengineyo, ambalo halitafika kwenye mashine yetu kamwe. Alama ya namba ndani ya pembetatu chini ya chombo inasaidia: 1 ni PET, 2 na 4 ni polithini, 5 ni polipropilini, 3 ni PVC, 6 ni polistairini. Ikiwa alama imefutika, kata kipande ukitupe kwenye ndoo ya maji na ukizamishe kidogo kwa kidole. Polithini na polipropilini huelea. PET na PVC huzama. Ndoo ya maji haihitaji bajeti. Pipa la pili nalo lipangwe kwa namba kabla ya kuingia mashineni, maana mmeshaona ndugu hao wawili wanavyotengana.

Tuanze na polithini peke yake. Mnyororo wa polithini ndani ya polithini hauna mgeni wa kumchukia. Inafungamana yenyewe kwa yenyewe, na joto lake ni la chini. Mbao zitakuwa chache kuliko ilivyoahidiwa, lakini zitakalika.

Kwa walimu wetu wa kemia, kwa heshima zote: msituondolee "vinavyofanana huyeyushana", iongezeeni mkia. Wiki moja tu ya maabara inatosha. Tupeni dekstrani, polithilini glikoli na maji, tuone kwa macho yetu vitu viwili vinavyopenda maji vikijitenga ndani ya maji hayo hayo. Kisha tupeni mstari wa viti 100 tuhesabu wenyewe. Anayeelewa kwa nini 3,478,761 imekuwa 252 hatahitaji desa la entropia.

Na kwenu wanachuo wenzangu, hasa mnaosoma sheria, ualimu au uhasibu na mmevumilia hadi aya hii: siku ya kikao, mtu akisimama kusema plastiki ni plastiki, nyoosheni mkono. Mwulizeni zina ukubwa gani, na ni ipi hasa inayomumunyika ndani ya ipi. Kama hana jibu, hela zetu zisubiri kwanza.